Sistiki faibrosisi kwa wanawake na wanaume: maswali tunayoulizwa Kigoma

Kwenye benchi la kliniki ya kifua maswali hayaji kwa mpangilio. Mtu anaanza na nauli ya treni, anamalizia na talaka. Hapa nimeyapanga kidogo, mepesi mwanzo na magumu mwisho. Mengi yanahusu sistiki faibrosisi, ugonjwa wa kurithi unaoharibu mapafu (madaktari huuita CF kwa kifupi), na hasa jambo linalosemwa kwa kunong'ona: kwa nini watoto wa tumbo moja, mmoja wa kike na mwingine wa kiume, wenye ugonjwa uleule, hawaugui sawa. Kuna dada na mdogo wake wa kiume wa upande wa Ujiji nitakaowataja mara mbili tatu. Nimebadilisha mambo madogo wasitambulike.

## Mambo ya mwanzo

Sistiki faibrosisi ni ugonjwa gani hasa?

Ni ugonjwa wa kuzaliwa nao, hauambukizwi. Seli za mapafu, utumbo, kongosho na njia za uzazi zina vijilango vya kupitisha chumvi. Kijilango kimoja kati ya hivyo hutengenezwa kwa maelekezo ya jeni iitwayo CFTR, iliyoko kwenye kromosomu ya 7. Jeni hiyo iligunduliwa mwaka 1989. Ikiwa na hitilafu, chumvi haipiti inavyotakiwa, maji hayaifuati, na ute unaopaswa kuteleza unakuwa mzito kama uji uliolala.

Kwenye mapafu ute huo unanasa bakteria, ndipo yanapoanza makohozi yasiyoisha na nimonia za kujirudia. Kwenye kongosho unaziba vijia vya kupitisha vimeng'enya vinavyosaga mafuta. Mtoto anakula kuliko wenzake lakini hanenepi, na choo chake kina mafuta, kinanuka kupita kawaida, na chooni kinaelea. Daktari Dorothy Andersen wa New York ndiye aliyeueleza kwa kina mwaka 1938, akiangalia kongosho za watoto waliofariki.

Kwa nini jasho la mtoto mwenye CF lina chumvi nyingi?

Kwenye tezi za jasho kijilango kilekile kina kazi ya kurudisha chumvi mwilini kabla jasho halijatoka. Kikiharibika, chumvi nyingi inaishia kwenye ngozi. Wazee wa Ulaya walikuwa na usemi kwamba mtoto ukimbusu kwenye paji la uso ukaonja chumvi, hatakaa sana duniani. Mwaka 1948 joto kali lilipoipiga New York, watoto wenye ugonjwa huu walifikishwa hospitali wakiwa wameishiwa nguvu, na Daktari Paul di Sant'Agnese akaanza kulifuatilia jasho lao. Kipimo kinachotegemewa mpaka leo kimetokana na hapo: jasho likiwa na kloraidi (sehemu ya chumvi) milimoli 60 kwa lita au zaidi, CF ndiyo inayofikiriwa kwanza.

Mama wa yule dada wa Ujiji alikwishaliona hilo kabla ya kipimo chochote. Mtandio mweusi wa shule wa binti yake ukikauka jasho ulibaki na mistari myeupe, kama gunia la chumvi ya Uvinza lililonyeshewa. Alikuwa anamgombeza kwamba hafui vizuri.

Huu si ugonjwa wa Wazungu? Sisi Waha na Wanyamwezi unatuhusu nini?

Ni kweli kwamba wenye asili ya Ulaya ndio wanaoupata zaidi. Lakini Waafrika pia wanao, na wana hitilafu za jeni zao. Moja inajulikana vizuri kwa Waafrika Kusini weusi na kwa Wamarekani weusi: 3120+1G>A. Jina kama namba ya gari, lakini lina maana kubwa, kwa sababu vipimo vingi vya jeni vilitengenezwa kutafuta hitilafu za Wazungu, hasa ile iitwayo F508del. Kipimo kama hicho kinaweza kumwambia mtoto wa Kasulu kwamba hana kitu wakati anacho. Ukipewa majibu ya jeni, uliza ni hitilafu zipi zilizotafutwa.

Tatizo letu kubwa ni kwamba tukishaamini kitu hakipo, hatukitafuti. Mtoto anatibiwa pumu, anatibiwa TB, anapewa chakula dawa kwa utapiamlo, na hakuna anayekaa chini akaunganisha kifua, tumbo na chumvi.

Tutautofautishaje na TB?

TB ni ya kawaida zaidi kwetu kwa mbali sana, kwa hiyo ipimwe kwanza, bila mjadala. Shaka iingie pale vipimo vya TB vinaporudi safi au dawa zimemalizwa na kikohozi bado kipo, hasa kama mtoto ana pia choo cha mafuta, jasho la chumvi, vinyama vya puani, vidole vilivyovimba ncha, au ndugu aliyefariki mdogo kwa kifua. Kwa mtu mzima soma pia swali la mwisho.

## Unavyorithiwa

Mama mkwe anasema ugonjwa umetoka upande wetu. Ni kweli?

Umetoka pande zote mbili. Kama unaifahamu selimundu, njia ni ileile. Kila mtu ana nakala mbili za jeni ya CFTR, moja ya baba na moja ya mama. Mwenye nakala moja mbovu haugui, ni mbebaji tu, na anaweza kufa mzee bila kujua. Wabebaji wawili wakizaa, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya mtoto kuugua, 2 kati ya 4 za kuwa mbebaji kama wazazi wake, na 1 kati ya 4 ya kutokuwa na hitilafu kabisa. Ni kila mimba upya. Kuzaa mgonjwa mmoja hakumaanishi kwamba watatu wanaofuata watakuwa wazima.

Hakuna namna mtoto apate ugonjwa kwa kasoro ya mama peke yake, labda kwa matukio ya nadra mno ambayo hata wataalamu huyaandika kama maajabu. Nasema hivi kwa ukali kidogo kwa sababu nimeshuhudia mwanamke akirudishwa kwao na mtoto mgongoni, huku mwenye nusu nyingine ya ule ugonjwa akibaki nyumbani kutafuta mke mwingine. Mama mkwe naye, kwa mahesabu hayahaya, huenda ndiye aliyempa mwanawe ile nakala.

Wanaozaliwa nao zaidi ni wasichana au wavulana?

Sawasawa. Kromosomu ya 7 haihusiki na jinsia. Tofauti zinaanza baadaye.

Kuoana mabinamu kunaongeza hatari?

Kunaongeza, kwa sababu waliotoka kwa babu mmoja wana nafasi kubwa ya kubeba nakala mbovu ileile. Haina maana kwamba kila ndoa ya binamu italeta mgonjwa, wengi huzaa watoto wazima. Lakini kama kwenye ukoo kuna mtoto mwenye CF, zungumzeni kabla ya posa.

## Kifua cha mwanamke

Kama wanazaliwa nao sawa, mbona inasemwa wanawake wanaumia zaidi?

Kwa sababu takwimu zimeonyesha hivyo kwa miaka mingi. Marekani wana daftari la taifa la wagonjwa wa CF. Walipochambua miaka ya 1988 hadi 1992 walikuta umri wa kati wa kuishi kwa wanawake ni miaka 25.3, na kwa wanaume 28.4. Uchambuzi uliotoka mwaka 2014 ulionyesha kwamba wote wameongezewa maisha, lakini pengo bado lipo: 36.0 kwa wanawake, 38.7 kwa wanaume. Wanawake pia walikuwa wakipata mapema zaidi bakteria wabaya wa mapafu, hasa Pseudomonas, ambaye akishajenga nyumba kwenye ute mzito ni shida kumwondoa.

Duniani kote wanawake kwa kawaida huishi miaka mingi kuliko wanaume. Hapa mambo yamegeuka, na ndiyo maana watafiti hawakulipuuza. Namba hizo, hata hivyo, ni za kabla ya dawa mpya kuenea (angalia chini, kwenye matunzo), na si hukumu ya mtu mmoja mmoja. Kuna vituo bingwa vilivyokuta pengo ni dogo sana pale wote wanapopata matunzo mazuri toka utotoni.

Sababu ni homoni?

Sehemu yake, ndiyo. Estrojeni, homoni inayopanda msichana anapovunja ungo, inapunguza umajimaji unaolainisha njia za hewa, na ute ambao tayari ni mzito unazidi kukauka. Halafu kuna jambo lililotoka Ireland mwaka 2012: watafiti wa huko walionyesha kwamba estrojeni inamsaidia Pseudomonas kujigeuza kuwa wa utelezi, yaani anajivika koti la ute ambalo dawa hazilipenyi vizuri. Walikuta pia kwamba wanawake walizidiwa zaidi katika siku za mwezi ambazo estrojeni iko juu.

Lakini homoni si kila kitu. Lile daftari la zamani la Marekani lilionyesha wasichana wakifariki zaidi hata kabla ya kubalehe, umri ambao estrojeni bado haijafika. Kwa wanawake watu wazima, njia za hewa ni nyembamba zaidi. Kisukari kinachotokana na kongosho kuharibika huwafika mapema zaidi na huwaumiza zaidi. Halafu kuna maisha yenyewe: nani anapewa muda wa kupumzika, nani anawahishwa hospitali, nani anaambiwa "vumilia kidogo". Yule dada wa Ujiji ndiye aliyekuwa anamkumbusha mdogo wake mazoezi ya kifua, yale ya kutoa makohozi, kila asubuhi. Ya kwake aliyafanya akimaliza kuosha vyombo, kama hajachelewa shule. Siku ukiwapimisha upepo wa mapafu, tofauti ilionekana, na sidhani kama mashine ilikuwa inapima estrojeni peke yake.

Kifua changu hubana zaidi katika baadhi ya siku za mwezi. Nafikiria sana?

Hapana, hujibunii. Kwa wanawake wengi wenye CF nguvu ya mapafu hupanda na kushuka na mzunguko. Chukua daftari la kawaida, andika siku za hedhi, wingi na rangi ya makohozi, na siku ulizoshindwa kupanda kilima. Miezi mitatu inatosha kuona mtindo wako. Daktari akiliona daftari hilo atakusikiliza tofauti na akisikia "huwa nabanwa".

Vidonge vya uzazi wa mpango vinasaidia mapafu?

Wale watafiti wa Ireland waliona wanawake waliokuwa wanatumia vidonge wakihitaji antibiotiki mara chache kuliko wasiotumia. Ni fununu nzuri, lakini si dawa ya kifua, na mtu asivianze kwa sababu hiyo peke yake. Mwenye CF anaweza kutumia njia nyingi za uzazi wa mpango, ila ini na kisukari viangaliwe kwanza. Na hili kwetu ni muhimu zaidi: ukiwa kwenye dozi ya TB, dawa yake mojawapo, rifampisini, inapunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango. Mwambie nesi wa uzazi wa mpango unachomeza.

Kwa nini wasichana huchelewa kugundulika?

Huko huko Marekani, ukiondoa watoto waliozaliwa wameziba utumbo (hao hugundulika mara moja), wasichana walipata jibu wakiwa na wastani wa kati wa miezi 12.7, wavulana 8.7. Miezi minne kwa mtoto mchanga ni mingi. Sehemu ya sababu ni kwamba ugonjwa ulifikiriwa kwa mvulana haraka zaidi. Msichana mwembamba mwenye kikohozi aliambiwa ndivyo alivyo.

Nikikohoa mkojo unanitoka kidogo. Naona aibu kusema.

Wanaoniuliza hili huwa wanasubiri wote watoke chumbani. Ni jambo la kawaida sana kwa wanawake wenye CF, hata mabinti ambao hawajazaa. Kukohoa kwa nguvu miaka nenda rudi kunachosha misuli ya nyonga inayoshika kibofu, na maumbile ya mwanamke yanaipa misuli hiyo kazi zaidi.

Shida haiishii kwenye khanga iliyolowa. Binti anayeogopa kulowa mbele za watu anajizuia kukohoa. Anakaa na makohozi kifuani darasani, msikitini, kwenye daladala. Anaacha kuruka kamba. Anayafupisha mazoezi ya kifua. Yaani mkojo kidogo unageuka kuwa nimonia. Kinachosaidia: kabla ya kukohoa, kaza misuli ile unayoitumia kukata mkojo, uishike, ndipo ukohoe, kaa badala ya kusimama, na uifanyie misuli hiyo mazoezi kila siku hata ukiwa huna kikohozi. Usipunguze maji ya kunywa, makohozi yatazidi kuganda. Na ninyi wauguzi wenzangu, ulizeni wenyewe. Binti wa miaka 15 hawezi kuanza maneno hayo.

## Uzazi

Mwanaume mwenye CF ni hanithi?

Hapana. Neno hilo liachwe kabisa hapa. Nguvu zake za kiume ziko salama: anasimamisha, anamaliza, anafurahi kama mwingine. Tofauti iko kwenye mabomba. Mirija miwili inayochukua mbegu kutoka kwenye korodani haikutengenezwa tangu akiwa tumboni, au iliziba ikapotea. Hali hiyo inawapata wanaume zaidi ya 95 kati ya 100 wenye CF. Kiwanda kinafanya kazi, barabara ndiyo haipo.

Kwa hiyo manii yanatoka, kwa kawaida machache na mepesi, lakini hayana mbegu. Kwenye vituo vya upandikizaji mbegu zinaweza kuchotwa moja kwa moja kwenye korodani kwa sindano na kurutubishia yai maabara. Ni gharama kubwa na ni safari ya mbali, simdanganyi mtu, ila watoto wa namna hiyo wamezaliwa wengi duniani.

Mvulana aambiwe mapema, na aambiwe na mtu anayemheshimu. Mdogo mtu wa Ujiji alilisikia kwa wavulana wa mtaani waliokuwa wamesoma kwenye simu. Aliacha dawa wiki mbili. Na aambiwe la pili pia: kutokuwa na mbegu si kinga. UKIMWI na kisonono havijali mirija.

Tumeoana miaka minne, mke hashiki mimba. Nani apimwe kwanza?

Wote wawili, siku moja. Kipimo cha mbegu ni rahisi kuliko karibu kila kitu anachofanyiwa mwanamke, lakini kwetu mwanamke ataanza kwa dawa za mizizi, aende kusafishwa kizazi, aombewe, aletewe mke mwenza, na mwanaume bado hajatoa hata tone la maabara.

Kuna wanaume wasio na kifua chochote ambao hawana ile mirija, kwa sababu wana hitilafu nyepesi za CFTR. Wanajiona wazima na ni wazima, ila jeni ileile imewagusa sehemu moja tu. Mwanaume wa namna hii akienda kutafuta mtoto kwa upandikizaji, yeye na mkewe wapimwe jeni kwanza. Mbegu inayochotwa inaweza kubeba nakala mbovu, na kama mke ni mbebaji, hesabu za mama mkwe zinarudi.

Mwanamke mwenye CF anaweza kubeba mimba?

Anaweza, na wengi wamezaa. Viungo vyake vya uzazi vimekamilika. Kinachochelewesha ni ute mzito kwenye mlango wa kizazi, na uzito mdogo unaovuruga upevushaji wa yai. Kwa hiyo asidhani "mimi siwezi", akaacha kujikinga. Dawa mpya za CF zilipoanza kutumika huko nje, mimba ziliongezeka ghafla, nyingine bila kutarajiwa.

Mimba yenyewe inategemea mapafu na uzito alioanza nao. Mwenye kupumua vizuri na kula vizuri mara nyingi hujifungua salama. Mwenye mapafu yaliyobaki chini ya nusu, au mwenye presha ya mapafu, anaingia hatarini kweli, na hilo lizungumzwe kabla, si wiki ya 20. Kisukari kiangaliwe mapema na kurudiwa. Dawa nyingine za kifua zibadilishwe, zisiachwe tu. Kunyonyesha ruksa, ila kunakula nguvu: naye alishwe.

Mtoto atakayezaliwa atakuwa nao?

Mzazi mwenye CF lazima ampe kila mtoto nakala moja mbovu, hana nyingine ya kutoa. Mwenzake akiwa si mbebaji, watoto wote ni wabebaji tu. Mwenzake akiwa mbebaji, ni nusu kwa nusu.

## Matunzo huku kwetu

Mtoto apewe mawese au mafuta yanamdhuru?

Apewe. Mwenye CF anahitaji chakula chenye nguvu kuliko wenzake, na mafuta ndiyo yenye nguvu. Mawese mekundu ya Kigoma yana asili ya vitamini A, ambayo wagonjwa hawa hupungukiwa. Lakini bila vimeng'enya vya kongosho, vidonge vinavyomezwa pamoja na kila mlo, mafuta hayo yanapita na kutoka yalivyo. Choo kikizidi mafuta, tatizo si mawese, ni dozi ya vimeng'enya. Usimnyime mtoto chakula, rudi kliniki. Kwa msichana hili lina uzito wa ziada, maana uzito ukishuka hedhi inachelewa au inakatika, na mapafu yanashuka nao.

Chumvi ya kuvuta ni ileile ya Uvinza?

Sikuwahi kufikiri nitaulizwa, mpaka mama mmoja alipokuja na sufuria. Hapana. Inayovutwa ni maji ya chumvi yaliyotakaswa, yenye kipimo, yanayorushwa na mashine kama umande. Ukichemsha maji ya chumvi ukajifunika blanketi, chumvi inabaki sufuriani. Mvuke unaoupata ni maji matupu, na hatari ya kuungua. Ya Uvinza itie kwenye mboga, na uongeze siku za jua kali au za mpira.

Kazi ya kukaanga na kukausha dagaa ina madhara?

Moshi wowote ni adui wa mapafu haya, na hapa ndipo mwanamke anapobeba mzigo usioandikwa kwenye vipimo. Pale Kibirizi wanaume wanarudi ziwani alfajiri na hewa safi ya Tanganyika vifuani; wanaobaki na moto, mafuta yanayochemka na kuni mbichi ni mama na mabinti. Binti mwenye CF apewe kuanika, kuchambua, kuuza, kushika hesabu. Jikoni apike mwingine, na mwingine huyo anaweza kuwa kaka yake.

Dada na kaka wote wana CF. Walale chumba kimoja?

Ingekuwa vyema wasilale. Wagonjwa wa CF wanaweza kuambukizana bakteria ambao kwa mtu asiye na ugonjwa huu hawana madhara. Hospitalini huwekwa mbali, angalau mita mbili. Nyumba zetu haziruhusu kila kitu, basi fanyeni yanayowezekana: kila mtu mswaki wake, kikombe chake, mashine na kinywa chake cha kuvutia dawa, na mazoezi ya kifua kwa zamu, dirisha likiwa wazi.

Hizo dawa mpya ni zipi, na zinamfaa kila mtu?

Ni dawa zinazokirekebisha kile kijilango chenyewe. Ya kwanza, ivacaftor, iliruhusiwa Marekani mwaka 2012; mchanganyiko wa dawa tatu kwa pamoja ukafuata 2019 na kubadili maisha ya wengi. Zinahitaji kuwe na kijilango cha kurekebisha. Hitilafu kama ile ya 3120+1G>A kwa kawaida hairuhusu protini kutengenezwa, hivyo dawa inakosa cha kushika. Bei yake nayo ni ya kutisha. Kwa wengi wetu kazi bado ni ileile: kutoa makohozi kila siku, antibiotiki kwa wakati, vimeng'enya, chakula.

Tukitaka kipimo cha jasho tuanzie wapi?

Anzeni na rufaa: wilaya, kisha mkoa, yaani Maweni kwa Kigoma na Kitete kwa Tabora, kisha Bugando au Muhimbili. Kabla hamjakata tiketi, mwombeni daktari apige simu kuuliza kama kipimo kinafanyika wiki hiyo. Nimeona familia ikiuza mbuzi wawili ikafika mjini ikaambiwa mashine haina vifaa. Njiani bebeni maji na chumvi. Behewa la mchana lina joto.

## Yaliyo pembeni

Moyo wa mtoto uko kulia na anakohoa tangu azaliwe. Ni CF?

Pengine ni ndugu yake: ugonjwa wa vinyweleo vidogo vya kusukuma ute, ambavyo havipigi makasia inavyotakiwa. Nao hurithiwa kwa wazazi wote wawili. Karibu nusu ya wagonjwa wana viungo vilivyogeuka upande. Daktari Kartagener wa Uswisi aliwaeleza mwaka 1933. Jasho lao ni la kawaida. Kwa wanaume mirija ipo na mbegu zipo, ila mikia yake haiogelei. Kwa wanawake vinyweleo vya mirija ya uzazi vinaweza kuwa vizito, mimba ikachelewa au ikatunga nje. Kwa hiyo ukisikia "mgonjwa wa kifua hazai", uliza ugonjwa upi.

Kuna ugonjwa wa mapafu wa kurithi unaowachagua wanawake?

Ipo presha ya mapafu ya kurithi, itokanayo na jeni ya BMPR2. Hapa nakala moja mbovu inatosha, baba au mama. Lakini si kila mwenye nayo ataugua: takriban wanawake 42 kati ya 100 huugua, wanaume 14. Kinyume chake, mwanaume akishaugua hali yake mara nyingi huwa mbaya zaidi. Mimba kwa mgonjwa wa aina hii ni hatari ya kifo, si ya kujaribisha.

Upo pia ugonjwa wa matundu ya mapafu, LAM, unaowapata karibu wanawake peke yao, wengi wakiwa umri wa kuzaa. Baadhi yao wana ugonjwa wa kurithi wa vivimbe, wenye vipele usoni na kifafa. Mwanamke kijana ambaye pafu limepasuka likajaza hewa kifuani zaidi ya mara moja, afikiriwe hilo.

Mtu wa miaka 40 anaweza kugundulika na CF leo?

Anaweza, na njia anayoingilia hutegemea jinsia. Mwanaume mara nyingi huja kwa mlango wa uzazi: hana mtoto, kipimo cha mbegu kinatoka sifuri, daktari makini anauliza kuhusu kifua, ndipo anakumbuka kwamba amekuwa akikohoa toka shule ya msingi. Mwanamke huja kwa mlango wa kifua, amechoka, ana faili nene. Ametibiwa TB mara mbili, mara ya tatu darubini bado inaonyesha vimelea, lakini GeneXpert, mashine inayotambua vimelea vya TB kwa vinasaba vyao, inakataa kwamba ni TB. Kuna jamaa wa bakteria wa TB wanaofanana naye chini ya darubini na wanaopenda mapafu yaliyoharibiwa na CF. Mwenye faili la namna hiyo, kabla ya kuanzishiwa dozi nyingine ya miezi sita, aulizwe swali ambalo halimo kwenye fomu: ngozi yako ikikauka jasho, inabaki na unga mweupe?